Bastola Kiunoni Texas: Nani Anaruhusiwa, na Kwa Nini Sisi Wageni Tusome Sheria Mara Mbili

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mzima aliyeko Texas asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola kiunoni bila kibali chochote cha serikali. Sheria hiyo, HB 1927, ndiyo iliyozaa maneno ninayoyasikia kila wikendi kwenye harusi zetu, kwenye misiba na nje ya kanisa baada ya ibada: "Hapa Texas ruhusa ni ya wote." Si ya wote. Na wengi walioachwa nje ya ruhusa hiyo wamo humu humu miongoni mwetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi tunaoishi Houston, Dallas na Fort Worth.

Kazi yangu ni ukalimani. Si mwanasheria, na hakuna neno hapa linaloweza kuchukua nafasi ya mwanasheria wa uhamiaji. Lakini nimekaa mara nyingi kati ya ndugu zetu na watu wa sheria, nikitafsiri maswali na majibu, na ninajua uso wa mtu anapotambua kwamba kitu alichokinunua dukani kwa pesa yake halali ndicho kitakachomrudisha kwao. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu.

Tuanze juu, kwenye sheria ya shirikisho, kwa sababu hiyo inakufuata hata jimbo likikuruhusu. Sheria hiyo inataja makundi ya watu wasioruhusiwa kabisa kumiliki bunduki wala risasi. Kundi linalotugusa kwanza ni la wageni: aliyeko nchini kinyume cha sheria, na aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, yaani viza ya muda. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 yuko nchini kihalali, analipa ada, pengine ana leseni ya udereva na akaunti ya benki, na bado haruhusiwi kushika bastola. Mhandisi mwenye viza ya H-1B vivyo hivyo. Mama aliyekuja kumlea mjukuu kwa viza ya B-2 vivyo hivyo. Ipo nafasi ndogo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, na vijana hupenda kuitaja kama njia ya mkato. Mimi nisingeitegemea kuvaa bastola mjini kabla ya kukaa na wakili. Adhabu ya kukiuka sheria hii, tangu ilipoongezwa mwaka 2022, inaweza kufika kifungo cha miaka 15.

Kesi inayolionyesha jambo hili vizuri ni ya Hamid Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu aliyekuja Florida kusoma chuo kikuu kwa viza ya mwanafunzi. Alifeli masomo, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba hadhi yake ya uhamiaji ingekwisha asipohamia chuo kingine. Akabaki nchini. Baadaye akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akafyatua risasi kwa bunduki mbili. Hakumlenga mtu, hakumtishia mtu. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, akahukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mshtakiwa alijua yumo katika kundi lililokatazwa, na hukumu yake ikatenguliwa. Wapo wanaoisoma kesi hii kama faraja, kwamba ukisema hukujua umepona. Mimi naisoma vingine. Kijana alifika mpaka mahakama ya mwisho ya nchi hii kwa sababu ya mazoezi ya shabaha ambayo jirani yake Mmarekani huyafanya kila Jumamosi. Wewe uliyeandikiwa barua na chuo au na idara ya uhamiaji, utasema hukujua nini?

Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki, mradi hayumo katika makundi mengine yaliyokatazwa. Wakimbizi waliopokewa rasmi, na waliokwisha kupewa hifadhi, hawahesabiwi kuwa watu wa viza ya muda. Shida iko kwa wanaosubiri. Ombi lililopokelewa na kupewa risiti bado ni ombi, si hadhi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye mamlaka juu ya Texas imewahi kushikilia kwamba kuwasilisha maombi hakumfanyi mtu aliyepitisha muda wake wa viza kuwa halali kwa ajili ya sheria hii ya bunduki. Kama unasubiri, bastola nayo isubiri.

Kuna familia nyingi zenye hali mchanganyiko: mume amekwisha kuwa raia, mke bado ana viza, shemeji anasubiri hifadhi, na wote wanaishi nyumba moja. Bastola ya mume iliyowekwa kwenye droo ambayo kila mtu anaifikia inaweza kumletea mke kesi, kwa sababu kumiliki mbele ya sheria hakuhitaji kuishika mkononi; inaweza kutosha kujua ilipo na kuwa na uwezo wa kuichukua. Sanduku la chuma lenye namba anazozijua mwenye bastola peke yake ndilo jibu. Hata bila suala la viza, sheria ya Texas inamwadhibu anayeacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Sisi watu wa nyumba zenye wajomba, binamu na watoto wa jirani wanaoingia na kutoka tunapaswa kulichukua hili kwa uzito kuliko mtu yeyote.

Sasa niseme jambo ambalo wazee hawalipendi. Mwenye kutumia dawa za kulevya zilizokatazwa hawezi kumiliki bunduki, na orodha ya dawa hizo ni ya shirikisho, si ya jimbo wala ya nyumbani kwetu. Bangi imo, hata kama umetoka kuinunua kihalali Colorado. Na miraa nayo imo, kwa sababu cathinone, kemikali iliyomo kwenye majani mabichi ya mirungi, imewekwa Marekani katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Mtu wa Meru au wa Eastleigh anaweza kuona ni burudani ya kawaida ya jioni, lakini dukani kuna Fomu 4473, na fomu hiyo inamuuliza mnunuzi moja kwa moja kama anatumia dawa hizo. Anayejibu uongo ametenda kosa la jinai kabla hata hajakabidhiwa silaha. Mwaka 2024 baraza la mahakama huko Delaware lilimtia hatiani Hunter Biden, mtoto wa rais aliyekuwa madarakani, kwa majibu yake kwenye fomu hiyo na kwa kumiliki bastola akiwa mtumiaji wa dawa. Baba yake alimsamehe. Wewe na mimi hatuna baba Ikulu.

Halafu kuna ugomvi wa nyumbani. Tangu 1996, aliyepatikana na hatia ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mahakama imeliita kosa dogo na hakulala jela hata usiku mmoja, amepoteza haki ya kumiliki bunduki nchi nzima, na katazo hilo halina tarehe ya kwisha. Kwa wapenzi wasiooana wala kuishi pamoja, sheria ya 2022 iliweka utaratibu wake, ambapo kosa la kwanza linaweza kumalizika baada ya miaka 5. Mwenye agizo la mahakama la kumlinda mwenzi wake dhidi yake naye haruhusiwi kumiliki bunduki, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 2024 katika kesi ya Rahimi, ambayo ilitoka hapa hapa Texas. Ninayaeleza haya kwa sababu nimeona wanaume wetu wakikubali kosa haraka ili warudi kazini Jumatatu. Wanaambiwa kuna mpango wa kuahirisha hukumu, ukimaliza muda wa uangalizi bila kosa jipya kesi inafutwa. Kwa jimbo ni kweli. Kwa uhamiaji, kukiri mbele ya hakimu na kupewa masharti kunahesabiwa kuwa ni kutiwa hatiani. Usikubali lolote kabla wakili wa uhamiaji hajaisoma karatasi hiyo.

Baada ya milango hiyo ya shirikisho ndipo tunafika kwenye leseni yenyewe ya Texas ya kubeba bastola, ambayo bado ipo ingawa si lazima tena. Ina historia inayosaidia kuielewa. Tarehe 16 Oktoba 1991, mtu mmoja aliingiza gari lake kupitia dirisha la mkahawa wa Luby's mjini Killeen, akashuka na kuua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa anakula chakula cha mchana na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha garini, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilimkataza kuibeba, na wazazi wake wote wawili waliuawa siku hiyo. Alizunguka kutoa ushahidi, na baadaye akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Gavana Ann Richards aliukataa mswada wa kubeba silaha mwaka 1993. Mrithi wake, George W. Bush, alisaini mwingine mwaka 1995, na leseni za kwanza zikaanza kufanya kazi 1996. Yalikuwa makubaliano: jimbo linakuachia bastola ifichwe chini ya shati lako, na wewe unalipa kwa jina safi, alama za vidole, kozi na kulenga shabaha mbele ya mkufunzi.

Orodha ya jina safi ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Uwe mkaazi wa Texas kwa miezi 6 kabla ya kuomba. Umri uliowekwa ni 21, ingawa mwaka 2022 jaji wa shirikisho mjini Fort Worth aliamua kwamba kuwazuia wenye miaka 18 hadi 20 kwa sababu ya umri peke yake kunakiuka Katiba, na jimbo likaacha kukata rufaa. Usiwe na hukumu ya kosa kubwa la jinai. Usiwe na kesi inayoendelea ya kosa kubwa wala ya kosa dogo la daraja A au B. Na usiwe umetiwa hatiani kwa kosa la daraja A au B ndani ya miaka 5 iliyopita.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu daraja B ndipo lilipo kosa la kwanza la kuendesha gari ukiwa umelewa. Ndilo kosa linalowakamata watu wetu kuliko lolote, baada ya sherehe ya ubatizo au send-off. Mara moja, leseni ya bastola unaisubiri miaka 5. Ukitiwa hatiani mara mbili ndani ya miaka 10 kwa makosa ya pombe au dawa, sheria inakuhesabu kuwa mtegemezi wa vileo na mlango unafungwa.

Yapo pia masharti ambayo hayana uhusiano wowote na vurugu. Anayedaiwa matunzo ya mtoto, na deni hilo likawa limethibitishwa kupitia ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, hapati leseni. Anayedaiwa kodi na ofisi ya mapato ya jimbo hapati. Kwa wenye malori na maduka, hilo la kodi si dogo. Afya ya akili nayo inatazamwa, lakini hapa watu huogopa kuliko inavyostahili: kwenda kuongea na mshauri kwa hiari yako si sawa na kulazwa kwa amri ya mahakama. Tafadhali msiache matibabu kwa sababu ya bastola.

Kozi ni ya saa 4 hadi 6. Zamani ilikuwa saa 10 na zaidi, na kwa maoni yangu waliipunguza mno. Inafundisha sheria ya kutumia nguvu, usalama, utunzaji wa silaha, na namna ya kumaliza ugomvi bila kupigana, somo ambalo ningependa lifundishwe hata kwa wasio na nia ya kununua bastola. Sehemu ya darasani inaweza kusomwa mtandaoni. Shabaha ni lazima uende mwenyewe: risasi 50, ambapo 20 unafyatua ukiwa yadi 3, nyingine 20 ukiwa yadi 7, na 10 za mwisho ukiwa yadi 15. Alama kamili ni 250 na unapita kwa 175. Ada ya serikali ni dola 40. Mkufunzi na alama za vidole unalipia mbali.

Basi mtu ataniuliza, kama kubeba bila leseni kunaruhusiwa, nijisumbue kwa nini? Sababu kubwa kuliko zote ni shule. Sheria ya shirikisho inafanya kuwa kosa kubeba bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule. Inamwondolea kosa hilo mtu aliyepewa leseni na jimbo lenye shule hiyo baada ya kukaguliwa. Asiye na leseni hana kinga hiyo, hata kama Texas imemwambia atembee na bastola yake. Chukua ramani ya Houston, chora duara la futi 1,000 kuzunguka kila shule, kisha uniambie barabara gani utapita kwenda kazini. Raia akikutwa humo anaweza kupata kesi ngumu. Mwenye kadi ya kijani anaweza kupata kesi ngumu na barua ya kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, maana kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni miongoni mwa sababu zilizotajwa waziwazi za kumwondoa mtu nchini. Kwa mtu wetu asiye raia aliyeamua kwamba lazima abebe, ushauri wangu hauna kona: chukua leseni.

Makanisani swali hili limekuwa zito. Tarehe 5 Novemba 2017 watu 26 waliuawa ibadani Sutherland Springs. Mwaka 2019 bunge la jimbo liliweka wazi kwamba wenye leseni wanaweza kubeba kwenye nyumba za ibada zisizokataza, na tarehe 29 Desemba mwaka huo huo mtu alifyatua risasi kanisani White Settlement, karibu na Fort Worth, akaua waumini wawili kabla Jack Wilson, mlinzi wa kujitolea wa kanisa hilo, hajamwangusha. Yote yalipita kwa sekunde chache. Tangu hapo makanisa mengi yameunda timu za ulinzi, na zetu za Kiswahili nazo zinaunda. Naelewa hofu hiyo kabisa, nami nina watoto wanaosoma Sunday school. Ninachowaomba wachungaji na maimamu ni kwamba, kabla ya kumpa kijana kazi ya kusimama mlangoni na bastola, waulize ana hadhi gani ya uhamiaji na kama jina lake ni safi. Swali hilo lina aibu, najua. Lakini mkimwacha bila kuulizwa mnamweka yeye kwenye hatari aliyodhani anawakinga ninyi.

Nyumbani, swali la kwanza ni jingine: unaitaka silaha ya nini? Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri, na mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita raia wote wenye leseni wakakaguliwe upya. New York nayo ilidai sababu maalumu kwa zaidi ya miaka 100, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataa tarehe 23 Juni 2022. Texas haiulizi sababu. Ukitimiza masharti, ofisa hana hiari ya kukunyima kwa kuwa hakupendi, na kwa mtu mweusi mwenye jina la kigeni hilo lina thamani yake. Lakini nimekuja kuamini kwamba kama serikali haikuulizi sababu, basi mkeo, mumeo au mzazi wako akuulize, na umjibu kwa utulivu mezani kabla hujaenda dukani.

Kuna lingine ambalo leseni haliwezi kulitibu. Philando Castile alikuwa na kibali halali cha Minnesota. Tarehe 6 Julai 2016 askari alilisimamisha gari lake kitongojini Falcon Heights. Alimwambia askari kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, mpenzi wake pembeni na mtoto mdogo nyuma, akafa. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru. Texas inamtaka mwenye leseni aliyebeba bastola aionyeshe leseni hiyo pamoja na kitambulisho pale askari anapoomba kitambulisho. Kwa hiyo weka mikono juu ya usukani. Sema polepole kwamba una leseni na bastola iko wapi. Usiguse chochote mpaka uambiwe. Kwa wenzetu ambao Kiingereza chao kinakimbia wakiwa na hofu, fanyeni mazoezi ya maneno hayo nyumbani, kwa sauti, mpaka yatoke yenyewe.

Na ukishaipata, masharti hayakomi siku unapopokea kadi. Ukishtakiwa kwa kosa kubwa, au kwa dogo la daraja A au B, leseni inasimamishwa. Ukitiwa hatiani kwa kosa linalokutoa kwenye sifa, inafutwa. Kubeba umelewa ni kosa, uwe na leseni au usiwe nayo. Baa yenye bango jekundu la 51%, yaani inayopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa kuuza pombe, ni marufuku kwa wote, na vivyo hivyo mahakama, vituo vya kura na sehemu ya uwanja wa ndege iliyo baada ya ukaguzi. Duka au ofisi binafsi inaweza kukukataza kwa bango mlangoni, kwa hiyo jizoeze kusoma mlango kabla ya kuingia. Leseni ya kwanza hudumu takriban miaka 4 hadi siku ya kuzaliwa inayofuata, na kila uhuishaji ni wa miaka 5, bila kurudia kozi. Ukihama nyumba, jimbo lijulishwe ndani ya siku 30. Kwa sisi tusio raia, idara ya uhamiaji nayo ijulishwe, na yenyewe imetoa siku 10 tu.